Uzoefu wangu: nililipa laki moja na themanini kupimiwa Forester turbo kabla ya kununua

Mwaka 2021 nilinunua Subaru Impreza turbo kwa macho na masikio. Fundi niliyekwenda naye alikuwa rafiki. Alifungua boneti, akapiga resi mara tatu, akaniambia, "Injini kavu hii, chukua." Wiki ya tisa nilikuwa naelekea Morogoro. Nilipopita tu Mdaula nikasikia kitu kinagonga chini ya miguu yangu, na kila nikikanyaga mafuta kinagonga kwa kasi zaidi. Taa ya oili ikawaka. Imenoki. Kuivuta mpaka Dar, injini ya mtumba kutoka Ilala na ufundi wa kuifunga vilinitoa zaidi ya milioni tano, na gari lenyewe nililinunua kwa milioni kumi na moja.

Kwa hiyo safari hii, nilipoanza kutafuta Subaru Forester SG5 yenye turbo (zile za 2002 hadi 2007, injini EJ20 ya farasi 220), niliapa kutotoa hata shilingi ya kishika gari bila kupima. Niliulizia kwa watu wenye Subaru, nikaelekezwa kwa fundi mmoja anayefanya Subaru tu, ana gereji ndogo yenye shimo. Bei yake ya kupima ni 180,000 kwa gari moja, ununue usinunue. Wengine hufanya kwa 50,000. Nilimuuliza tofauti ni nini. Akajibu, "Wale wanasoma kompyuta. Mimi nafungua plagi."

Gari la kwanza lilikuwa Forester Cross Sports ya 2005, nyeusi, namba D, linang'aa kama limetoka kiwandani. Dalali alikuwa na maneno yote: haina kipengele, injini haijaguswa, ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini, kilomita 78,000 tu, ingia ondoka. Fundi alikuwa ameshanipa sharti moja kwa simu: gari lisiwashwe asubuhi hiyo, tulikute limelala. Nikamwambia dalali, akakubali.

Tulipofika, fundi hakuuliza kitu. Alimsalimia dalali, akaenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti. Akanitazama. Nami nikaweka changu. Vuguvugu, saa mbili asubuhi, gari likiwa kivulini. Dalali akasema lilisogezwa kidogo kumpisha mwenzie. Fundi akaingia ndani, akanionyesha saa ya kwenye dashibodi: ilikuwa nyuma kwa saa nyingi. Maana yake terminali ya betri ilitolewa karibuni, na kwenye magari ya umri huu ukitoa betri unafuta na makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Hapo nikaelewa kwa nini yule wa 50,000 angeniambia gari ni zima. Angechomeka mashine yake, isingeonyesha kosa lolote, nami ningelipa.

Hatukuondoka. Tulisubiri injini ipoe, na kusubiri huko ndiko kulikonilipa. Fundi alikuwa anakagua kwa tochi huku na huku, akakuta kistika kidogo ndani ya eneo la injini, kimepauka, kina maandishi ya Kijapani. Akakifuta vumbi kwa kidole gumba. Gereji nyingi za Japani hubandika vistika hivyo zikibadilisha taimingi belti (mkanda unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni): tarehe na kilomita. Hatujui Kijapani, ila tarakimu tunasoma. Mwaka ulikuwa 25, wao walikuwa wakihesabu kwa enzi ya mfalme iliyoanza 1989, kwa hiyo ni 2013. Na kilomita: 102,340.

Dashibodi inasoma 78,000. Kistika cha 2013 kinasoma 102,340.

Dalali alikitazama muda mrefu. Akasema yeye gari kaletewa tu. Namwamini, kwa kweli; nadhani mchezo ulifanyika kabla halijamfikia. Ila tangu siku hiyo sisomi dashibodi kwanza. Natafuta kistika, natazama pedo ya breki imelika kiasi gani, usukani umechubuka wapi, kiti cha dereva kimelala upande gani. Kilomita za kwenye kioo mtu anazirudisha kwa nusu saa. Mpira wa pedo haurudi.

Kwa akili ya kawaida tungeishia hapo, lakini nilishalipa na nilitaka kuiona kazi yote. Tukaliwasha. Moshi wa bluu ukatoka kidogo, ukakata. Tukazunguka nalo mpaka likapata moto, likavuta vizuri sana, nakiri. Turbo ilishika, mgongo ukaganda kwenye kiti, na lile vali la kupumua walilofunga, la kumwaga nje hewa ya turbo, likapiga "pshii" kila nikiachia mafuta. Vijana wanalipenda. Fundi halipendi, maana kompyuta ya Subaru imeshaipima hewa ile na kutoa petroli yake, halafu hewa inamwagwa nje. Kwake lile pshii ni dalili kwamba mwenye gari alikuwa akilikimbiza, na huenda alichezea na vitu vingine visivyoonekana.

Kisha tukalipeleka shimoni kwenye gereji yake, likapumzika, akaanza kufungua plagi. Subaru injini yake imelala, pistoni zinapigana kushoto na kulia kama mabondia, kwa hiyo plagi ziko ubavuni, zinatazamana na bodi, mkono hauingii kirahisi. Ndiyo maana mafundi wengi hawazifungui kwa elfu hamsini, wala siwalaumu. Akafunga geji ya kupima mgandamizo kwenye kila silinda, akakata petroli, nikakanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata. Silinda ya 1 ilisoma psi 145. Ya 2, 140. Ya 3, 142. Ya 4 ikapanda kwa kujikongoja, ikaishia 92.

Akarudia. 92.

Kilichofuata ndicho ningependa kila mnunuzi wa turbo akishuhudie mara moja. Aliisimamisha pistoni ya namba 4 juu kabisa, akaunganisha hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, akazima redio ya gereji. "Mdogo wangu, njoo usikilize." Hewa inayoingia kwenye silinda nzima inatoroka kidogo sana. Kwenye silinda mbovu inatoroka kwa wingi, na inakotorokea ndiko kwenye ugonjwa. Ukiisikia kwenye bomba la moshi, ni vali ya moshi. Kwenye njia ya hewa, vali ya kuingizia. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya hedi. Akafungua kifuniko cha kujazia oili, nikainamisha sikio. Fuuuuu, mfululizo, na hewa ya joto yenye harufu ya oili ikanipiga shavuni. Inapita kwenye ringi zinazoizunguka pistoni, inashuka chini kwenye oili. Ama ringi zimekufa, ama pistoni yenyewe imepasuka pale ringi zinapokaa, maradhi ambayo turbo hizi zinayajua sana, hasa zikikimbizwa na mchanganyiko usio sawa. Kwa vyovyote, injini ya kufunguliwa yote. Na ilikuwa imevuta vizuri barabarani! Silinda tatu na turbo nzima zinatosha kabisa kukudanganya kwa dakika ishirini.

Dalali alikuwa anauza milioni 14 na nusu. Nilimshukuru, nikaondoka.

Gari la pili nililipata wiki tatu baadaye, kwa mwenyewe, mzee mmoja mstaafu. Forester ya 2006, rangi ya fedha, imekwanguliwa ubavuni, viti vimechoka, kilomita 161,000 bila kificho. Injini tuliikuta baridi kweli. Silinda zote kati ya 138 na 144. Kava la vali linavuja oili, shokapu za nyuma zimekwisha. Tairi mbili za mbele zilikuwa mpya na za nyuma zimelika, na hilo fundi alilikazia kuliko nilivyotegemea: gari linaloendesha tairi zote nne linataka tairi zinazolingana, la sivyo mfumo wa kugawa nguvu unateseka muda wote. Tulikata usukani mpaka mwisho na kuzunguka taratibu kwenye uwanja, tukisikiliza kama linashikashika. Halikushika. Taimingi belti haikuwa na kistika wala risiti, kwa hiyo tukaihesabu kuwa imekwisha. Wajapani huibadilisha kwenye kilomita 100,000, na kwenye injini hii ikikatika, vali zinakutana na pistoni. Mzee alipoona karatasi ya fundi alishusha milioni moja na laki mbili bila ubishi.

Kuhusu huduma yenyewe, yapo ya kusema. Fundi alichelewa saa nzima siku ya kwanza, na ile saa ndiyo dalali aliyoitumia kuliwasha gari. Ripoti alitaka kunipa kwa mdomo. Niliidai kwa maandishi, akaandika, na karatasi ile ndiyo iliyonishushia bei. Kadi ya gari haiangalii, hiyo ni kazi yako: jina liwe la anayekuuzia, kadi isiwe rehani kwa mkopeshaji, na madeni ya trafiki uyaangalie kwa namba ya gari. Na ana ukali kidogo kwa wauzaji, mpaka unaona aibu. Pamoja na hayo nimeshampelekea watu wawili, na laki tatu na sitini nilizolipa kwa magari mawili sijazijutia hata siku moja.

Wiki niliyolichukua nilibadilisha belti, roli zake, na pampu ya maji ambayo inazungushwa na belti hiyo hiyo. Sasa ni miezi saba na kilomita 9,400. Kila Jumapili, kabla sijawasha, nachomoa kijiti cha oili, nakifuta, nakirudisha, nakichomoa tena. Kila kilomita 1,500 hivi kinashuka upana wa kidole, naongeza. Mwezi uliopita nilipita Mdaula nikiwa na wanangu nyuma, nikazima redio, nikasikiliza mpaka tukafika Morogoro.