Gari linatetemeka asubuhi ya baridi: ELM327 inasaidia kweli?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Hapa Mbeya tuko kwenye baridi ya Julai. Walioko Njombe na Makete, na ndugu zetu wa Limuru na Kinangop kule Kenya, hili wanalijua vizuri. Unawasha gari alfajiri, injini inatetemeka mpaka usukani unacheza, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, mara inataka kuzima. Ikishapata moto, inatulia kabisa. Saa nne ukimfikia fundi hasikii kitu, anakwambia tubadilishe plagi. Mnabadilisha, na kesho yake alfajiri hali ni ile ile.

Basi leo tunakiangalia hiki kidude, ELM327 ya Bluetooth. Unakichomeka kwenye tundu la OBD, lile la kupimia kompyuta ya gari, chini ya dashibodi, unasoma kwenye simu. Nimekijaribu kwenye Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya IST na Allion ya cc 1500. Kwa tatizo hili la baridi kinasaidia, tena sana, ila si kwa kile ambacho wauzaji wanakinadi.

Wao wanakinadi kwa kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi. Ni kweli kinazisoma: P0301 maana yake silinda namba moja inamisi (haichomi mafuta sawasawa), P0300 inamisi ovyo bila silinda maalumu. Lakini mtetemo wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache mara nyingi hauwashi hata taa ya injini. Unasoma kodi, hakuna kitu, unadhani gari ni zima. Faida yenyewe iko kwenye namba zinazosomeka papo kwa papo, na ya kwanza ni joto.

Fanya hivi. Gari limelala usiku kucha. Weka swichi ON, usipige stata. Soma joto la maji ya injini, kisha joto la hewa inayoingia. Namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane. Ukikuta hewa ni nyuzi 9 na maji ni 35, sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta. Ukikuta maji yanasoma -40, waya umekatika au soketi imechomoka, maana hakuna baridi ya namna hiyo huku kwetu.

Kwa nini namba hiyo ni muhimu hivyo? Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini baridi, nyingine inabaki imenata kwenye kuta za njia ya hewa. Kompyuta inalazimika kuongeza mafuta na kupandisha mizunguko, 1,200 hadi 1,500 hivi kwa dakika, kisha inaishusha taratibu hadi karibu 700. Wakati huo sensa ya oksijeni, inayopima moshi kwenye ekzosi, bado ni ya baridi, haisaidii kitu. Kompyuta inategemea kipimo cha hewa na hiyo sensa ya maji. Ikiambiwa injini ina moto wakati ni baridi, inaibania mafuta, na hapo ndipo inapotetemeka.

Sasa washa, uangalie joto linavyopanda. Hapa niseme jambo linaloniuma. Mafundi wengi wanang'oa themostati, eti injini isichemshe. Themostati ya injini kama hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hivi, kazi yake ni kuifanya injini ipate moto haraka na ibaki hapo. Ukiing'oa, kwenye baridi ya huku unaweza kuendesha safari nzima namba ikibaki 60. Kompyuta inaendelea kumwaga mafuta, gari linakula petroli, plagi zinajaa masizi. Tafadhali, rudisha themostati. Kama injini inachemsha, tafuta chanzo kwenye rediyeta, feni au pampu ya maji.

Joto likiwa sawa, subiri sensa ya oksijeni iamke, uangalie marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Kwenye sailensi ukiona namba ya marekebisho ya muda mrefu imefika +15 au +20, halafu ukikanyaga hadi 2,500 inashuka kuelekea sifuri, kuna hewa ya wizi inaingia baada ya throto (mlango wa hewa ya injini). Kagua mipira iliyopasuka na gasketi ya manifoldi. Ikikakamaa, inavuja zaidi ikiwa baridi, na ikipata moto inatanuka na kuziba. Namba zikiwa nzuri, safisha throto, kisha nenda kwenye plagi na koili zinazozipa umeme. Koili usinunue kwa kubahatisha: kama umepata kodi P0301, badilishana koili ya silinda namba moja na ya namba tatu. Kodi ikihama kutoka P0301 kwenda P0303, umempata mwizi.

Na kama mizunguko kwenye simu imetulia lakini gari linatetemeka, kidude hakina la kukusaidia. Angalia mauntini, ile mipira inayoshikilia injini.

Kinachonikera ni nakala. Kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, iliyobuni chipu hii, ilifunga mwaka 2022, na toleo la 1.5 linaloandikwa kwenye maboksi mengi haikuwahi kulitoa. Nakala nyingine zinafanya kazi vizuri, nyingine zinakatika katikati ya kusoma. Halafu kuna gari za soko la Japani za miaka ya mwanzo ya 2000: tundu ni lile lile la pini 16, lakini kompyuta haijibu lugha ya OBD ya kawaida. Kwenye programu ya Car Scanner jaribu kuchagua aina ya gari lako kabla ya kukata tamaa. Kwa hiyo usilipe mpaka muuzaji akichomeke kwenye gari lako na uone joto la maji likisomeka.

Kwa bei yake, ambayo haifiki koili moja mpya ya orijino, mimi nakipendekeza kwa yeyote anayeishi sehemu za baridi. Rekodi namba za alfajiri kwenye simu, umpelekee fundi azione mwenyewe. Ukimaliza kusoma, kichomoe, maana kinaendelea kunyonya betri hata gari likiwa limezimwa.