Uzoefu wangu na vipimo vya rangi vya kutambua dawa za kulevya, Arusha

Kampuni ya vifurushi ninayosimamia usalama wake hapa Arusha iliagiza kutoka nje boksi la vipimo vya rangi vya kutambua dawa za kulevya, kwa nia ya kuwapa wapokeaji mizigo wa kaunta. Kwa kuwa nilisomea kazi ya maabara kabla ya kuingia kwenye usalama, niliombwa nivijaribu kwanza. Maoni yangu, baada ya kuvitumia kwa uangalifu, ni kwamba kemia yake ni ya kweli na inafanya kazi, lakini kaunta ya kupokelea mizigo si mahali pake.

Kila kipimo ni kipakiti cha plastiki chenye ampuli ndogo za kioo, yaani vichupa vilivyofungwa vyenye kemikali, ndani. Unatia chembe ya kitu kinachotiliwa shaka, isiyozidi kichwa cha pini, unafunga, unavunja ampuli kwa vidole na kutazama rangi inayotokea. Kinachotumika zaidi ni kipimo cha Marquis, ambacho kimejulikana tangu mwaka 1896 na kimetengenezwa kwa fomaldehaidi na tindikali kali ya salfuriki. Heroini hutoa rangi ya zambarau, amfetamini hutoa rangi ya machungwa inayogeuka kahawia, na ekstasi hutoa rangi inayokaribia weusi.

Sikuwa na ruhusa ya kushika dawa za kulevya, wala sikuitaka, kwa hiyo nilipima vitu halali vinavyopita kaunta yetu kila siku. Sukari ilianza na unjano ikaishia kahawia. Aspirini ilitoa waridi iliyokolea kuelekea nyekundu. Mtu aliyefundishwa kutazama rangi ya kwanza na muda inavyochukua kubadilika ataona kwamba sukari haifanani na amfetamini, lakini kadi ya rangi iliyomo kwenye boksi haisemi lolote kuhusu muda, na chini ya taa ya njano ya ghala letu kahawia ya sukari na ile iliyochapishwa kwenye kadi zilikaribiana mno. Nilipozitoa nje kwenye mwanga wa mchana tofauti ilionekana, ila mizigo yetu mingi hupokelewa alfajiri, kabla mabasi hayajaondoka.

Kipimo cha kokeini ndicho kilichonitia wasiwasi zaidi. Kinatumia kobalti thayosayaneti, ambayo hugeuka buluu ikikutana na kokeini. Hugeuka buluu vilevile ikikutana na difenihaidramini, dawa ya mzio inayouzwa katika maduka ya dawa, na lidokeini, ambayo madaktari wa meno huitumia kwa ganzi. Nilisaga kidonge cha difenihaidramini na buluu ikatokea, safi kabisa, kama kadi inavyoonyesha. Kipimo kamili cha kokeini cha aina hii, kiitwacho cha Scott, kina hatua tatu: baada ya buluu ya kwanza huongezwa tindikali ya haidrokloriki ili rangi igeuke waridi, kisha klorofomu, na buluu inapaswa kurudi katika tabaka la chini. Hatua hizo ziliwekwa ili kupunguza makosa ya namna hii. Vipakiti tulivyoletewa vina hatua ya kwanza peke yake, na karatasi ya maelekezo haitaji difenihaidramini hata mara moja. Sisi husafirisha dawa za maduka kwenda Karatu, Mto wa Mbu na Babati, na hiyo maana yake ni kwamba mteja wetu mwaminifu kabisa ndiye aliye katika hatari ya kuonekana mhalifu.

Hali ni hiyohiyo kwa mofini na kodeini. Zote hutoa zambarau kwenye kipimo cha Marquis, kwa sababu ni jamii moja na heroini. Mgonjwa wa saratani anayerudi nyumbani kutoka kliniki Moshi akiwa na vidonge vya mofini alivyoandikiwa na daktari amebeba dawa ambayo kipakiti hiki hakiwezi kuitofautisha na unga wa mitaani. Cheti cha daktari kitamtetea, lakini ni nani kaunta atakayetulia kukisoma baada ya kuona zambarau?

Kipimo kutotoa rangi nako hakumaanishi usalama, kwa maana ketamini, dawa ya usingizi ambayo pia hutumiwa kulevya, haibadilishi rangi ya Marquis kabisa. Kwa mirungi inayovushwa kutoka Kenya, boksi halina chochote cha maana, na kwa bangi pua ya mpokeaji mizigo inatosha.

Nayaandika haya kwa mkazo kwa sababu najua kinachofuata. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, mtu anayeshtakiwa kwa kusafirisha dawa za kulevya kuanzia uzito fulani hapati dhamana, na atasubiri mahabusu. Katika eneo la Houston, Marekani, zaidi ya watu 200 walikutwa na hatia ya kumiliki dawa za kulevya baada ya vipimo kama hivi kufanyika barabarani, wengi wakiwa wamekiri kosa kabla maabara haijagusa sampuli, na maabara ilipopima haikukuta dawa yoyote iliyopigwa marufuku. Kwetu, jibu linalotegemewa hutoka kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha, kwa kutumia mashine zinazotenganisha na kutambua kila kemikali iliyomo, badala ya jicho la mtu na kadi ya rangi.

Kuna pia suala la tindikali. Tindikali ya salfuriki huunguza ngozi na macho, na kioo cha ampuli kinaweza kutoboa plastiki mtu akibonyeza kwa haraka. Maelekezo yanataka glavu, miwani ya kinga na unga wa bikabonati ya kuzimua tindikali kabla ya kutupa. Kaunta yetu haina hata bomba la maji karibu.

Nimependekeza, na uongozi umekubali, kwamba mpokeaji mizigo akitilia shaka kifurushi asikifungue wala kukipima, bali akitenge mbele ya mwenzake, aandike muda na jina la mtumaji, kisha anipigie ili niwaite polisi au Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Boksi limebaki kwangu kwa ajili ya mafunzo. Kidonge cha mzio kinapogeuka buluu mbele ya wafanyakazi wapya, wanaelewa haraka kwa nini hatuwapi vipakiti hivyo. Kampuni nyingine inayofikiria kuviagiza ingefanya vyema kutumia fedha hiyo kununua kamera nzuri ya kaunta na kuweka utaratibu wa kunakili kitambulisho cha kila mtumaji.