Kura ya maoni: kwa simu au mlangoni?
Barazani hapa Lamu ubishi hauishi: aaminiwe nani, apigaye simu au abishaye hodi? Kwa gharama, simu; kufika Faza, kisiwani Pate, ni nauli ya boti. Kwa kuwafikia watu, mlangoni: bibi asiye na simu naye huulizwa.

Penye utata ni ukweli. California mwaka 1982, Tom Bradley, mgombea ugavana Mweusi, aliongoza kura za maoni akashindwa. Wengi walidai Wazungu waliona haya kumwambia muulizaji ukweli. Ila 2008 Obama alishinda karibu kama ilivyotabiriwa. Hapa nako, mzee husikiliza kwanza jina na lafudhi ya mgeni mwenye karatasi, ndipo ajibu. Ukiuliza mambo ya ukabila, piga simu, ambako angalau muulizaji haonekani uso kwa uso. Ukitaka maoni ya visiwani, panda boti, na muulizaji awe mwenyeji.