TAHADHARI: Vigunduzi vyeupe vya Birere havikamati gesi ya makala

Wandugu, someni hii kabla hamjatoa dola. Yule mwenye meza ya vifaa vya umeme pale Birere, hapa Goma (jina hatuliandiki, mnaomjua mnamjua) amerudi na mzigo mwingine wa vile vigunduzi vyeupe vya duara, eti vya kukamata gesi ya makala (monoksidi ya kaboni, CO) usiku. Ni vya uongo. Watu wanavitundika juu ya vitanda vya watoto, wanaingiza mbabula (jiko la makala) ndani kwa sababu ya baridi, wanafunga mlango, wanalala bila wasiwasi. Asiye na kigunduzi angalau huacha dirisha wazi kidogo kwa woga. Mwenye nacho ameuziwa ruhusa ya kulifunga.

Ulaghai wote unafanyika pale mezani, kwa hiyo uangalieni vizuri. Mteja anauliza bei, yeye hajibu. Anachukua boksi lenye nailoni yake, analipasua mbele ya macho ya mteja ili ionekane halijaguswa. Anaweka betri mbili ndogo. Taa ya kijani inawaka, kioo kinaandika 000. Anakisogeza: “Mama, bonyeza mwenyewe.” Mama anabonyeza kibutoni cha katikati, kitu kinalia mpaka watu wa meza ya pili wanageuka. Kabla hajasema neno, muuzaji anatoa kiberiti cha gesi, anakibana bila kuwasha moto, anaachilia gesi kwenye matundu ya kifaa. Sekunde tatu, nne, kioo kinapanda: 180, 340, taa nyekundu, kelele tena. “Umeona? Kimenusa. Hata mazuku, ile gesi ya ardhini, kinanusa.” Dola 15. Ukimbembeleza anashuka mpaka 12, na unaondoka ukijiona una bahati.

Msimcheke aliyenunua. Kati yao kuna mafundi umeme, kuna walimu, kuna muuguzi, na wengine mpaka leo wanaona haya kusema. Boksi lina Kifaransa safi, lina alama ya CE (ya viwango vya Ulaya), lina picha ya mtoto amelala. Bei si ya kutupwa, nasi tumezoea kwamba bandia huuzwa chee. Tena jamaa amekujaribia mara mbili kabla hujalipa. Ni meza gani hapa mjini inakuruhusu hivyo? Na si Goma peke yake. Mwaka 2022 CPSC, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa bidhaa, liliwaonya watu waache kutumia aina mbili za vigunduzi vya CO vyenye kioo cha tarakimu vilivyokuwa vikiuzwa mtandaoni, kwa sababu vilikutana na gesi vikanyamaza.

Sasa tuyachukue yale majaribio mawili, maana la kwanza halithibitishi kitu, na la pili linathibitisha kinyume cha anachokuambia.

Kibutoni kinajaribu betri, taa na king'ora. Basi. Kwenye vifaa vingi hakigusi kabisa sehemu inayonusa gesi. Ni sawa na kupiga honi ya gari kisha kumwambia mnunuzi breki ni nzima. Ule mzigo wake wa kwanza, aliokuwa akiuuza bila kiberiti, ukifungua kifuniko unakuta kibao cha saketi cha kijani, tone jeusi la gundi lililofunika chipu, king'ora kama sarafu, kibutoni, na nyaya mbili za betri. Pembeni pana duara limechorwa kwa wino mweupe na matundu ya kuchomelea miguu ya sensa. Matundu yako matupu. Hakuna kilichowahi kuwekwa pale. Zile 000 zitabaki 000 hata chumba kikijaa gesi mpaka dari.

Kiberiti ndicho kinachomaliza watu. Gesi ya ndani yake ni butani, jamaa ya gesi ya kupikia. Inayotoka kwenye makala na kwenye jenereta ni monoksidi ya kaboni, CO: haina rangi, haina harufu, na uzito wake unakaribiana na wa hewa, kwa hiyo inachanganyika chumba kizima. Vigunduzi vizuri vya CO vya nyumbani vina seli ya kemikali: kikopo kidogo chenye asidi kidogo na elektrodi. CO ikiingia inabadilika kikemia juu ya elektrodi na kutoa mkondo mdogo sana wa umeme. Kifaa kinausoma na kuugeuza kuwa namba. Butani haiamshi seli ya namna hiyo. Basi kifaa kinacholia kwa kiberiti kimejisema chenyewe: ndani kina ile sensa rahisi ya kikopo chenye wavu, inayopashwa moto, inayoshtuka kwa gesi ya kupikia, pombe, manukato na dawa ya mbu. Na kwa kuwa inapashwa moto, inakula umeme. Betri mbili ndogo haziilishi hata wiki moja. Ndiyo maana wengi wanasema kililia sana siku mbili za kwanza kisha kikatulia. Hakikutulia. Kimekufa.

Na ile haraka ya sekunde nne pia ni ushahidi. Kigunduzi cha CO kinachofuata kanuni ya Ulaya, EN 50291-1, kimewekewa subira kwa makusudi. Kwa ppm 30, yaani sehemu 30 za gesi katika sehemu milioni za hewa, hakitakiwi kulia kabla ya dakika 120. Kwa 50 kinalia kati ya dakika 60 na 90, kwa 100 kati ya dakika 10 na 40, kwa 300 ndani ya dakika 3. Sababu ni kwamba CO inaumiza kwa kujikusanya katika damu: inashikamana na hemoglobini kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kila dakika unayolala inazidi kuchukua nafasi. Kengele inapima kiasi na muda kwa pamoja, isipige kelele kila mtu akipitisha sufuria. Msishangae pia kioo cha kifaa kizuri kikikaa sifuri siku nzima. Vingi havionyeshi viwango vya chini.

Kuhusu mazuku, hapo ndipo mtu huyu anastahili kufungwa. Mazuku ni dioksidi ya kaboni, CO2, inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, ndiyo maana inalala kwenye mabonde na mashimo na kuua mbuzi na watoto kabla ya watu wazima. Kigunduzi cha CO, hata kiwe bora namna gani, hakiisomi. Unaweza kukishusha ndani ya shimo la mazuku kikaandika sifuri huku mbuzi amelala pembeni amekufa. Kumwambia mzazi wa hapa Goma kwamba kifaa hicho kinamlinda na mazuku ni kumtuma mtoto wake shimoni. Siyo biashara hiyo. Mali yake ichukuliwe, ivunjwe hadharani pale pale alipokuwa akiuzia, na OCC, wenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia, waupitie mzigo mzima kabla haujapelekwa Bukavu. Mkuu wa avenue naye asiseme hajui. Walionunua waende kulalamika pamoja, si mmoja mmoja, kila mtu na boksi lake na risiti kama anayo, kwa sababu akienda mmoja anaambiwa amekiharibu mwenyewe.

Kuna na wauzaji wa okazioni (mitumba) ya Ulaya, vifaa vya kweli vya kampuni zinazojulikana, vilivyotolewa kwenye nyumba za watu vikaja na kontena. Hao hawasemi uongo kwa mdomo, wanasema kwa kubandua karatasi. Seli ya CO inachakaa hata kama haijawahi kukutana na gesi. Kutegemea aina, hudumu miaka 5, 7 au 10. Nyuma ya kifaa, au ubavuni, huandikwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa au wa kukibadilisha. Ukikuta mahali pa tarehe pana gundi kavu yenye vumbi, au karatasi mpya imekaa upande juu ya ya zamani, kiache. Kikiandika END au ERR, betri mpya haitakiponya. LB ndiyo betri.

Wengine wamechanganyiwa tu bidhaa. EN 14604 ni ya kigunduzi cha moshi. EN 50194 ni ya gesi ya kupikia. Unayotaka wewe ni EN 50291-1, au UL 2034 kwa vile vya Marekani, na iandikwe kwenye mwili wa kifaa, siyo kwenye boksi peke yake. CE peke yake isikutulize, mchapishaji yeyote anaichapa. Alama ya maabara, kama Kitemark ya BSI (shirika la viwango la Uingereza), ina uzito zaidi, ingawa nayo inaigwa. Tafuta namba ya toleo na ya mfululizo iliyochapwa, kisha ilinganishe na tovuti ya mtengenezaji. Kitabu cha maelekezo kisichotaja ppm hata mara moja ni cha kutupa. Na mtu asikuuzie cha kuchomeka ukutani kisicho na betri ya akiba. Umeme wetu mnaujua.

Jaribio mnaloweza kufanya wenyewe, nje uwanjani, kamwe siyo ndani: kwanza kiberiti kama anavyofanya yeye. Kikilia, mjadala umekwisha. Kikinyamaza, chukua vijiti viwili vya ubani, viwashe, zima mwali vibaki vinafuka tu, visimamishe kwenye kopo la mchanga. Weka kigunduzi kando yake, kama kiganja kimoja mbali na vijiti, kisha funika vyote kwa ndoo ya plastiki ya lita 20. Ubani unaofuka unatoa CO ya kutosha ndani ya nafasi ndogo hivyo. Kifaa kizima kinakaa kimya kwanza, kisha kinalia baada ya dakika chache. Ukifunua, kioo kinaonyesha mamia, na namba inashuka polepole kwenye hewa safi. Kikilia mara tu moshi unapokifikia, ni cha moshi au ni cha ile sensa ya wavu. Dakika 15 bila sauti wala namba, ni plastiki tu. Fanyeni mara moja, msirudie rudie, kwa sababu moshi unaacha lami kwenye kichujio. Baada ya hapo kiacheni uwanjani saa nzima.

Ukipata cha kweli, kiweke chumba cha kulala, kimo cha kichwa cha aliyelala, mita 1 hadi 3 kutoka penye moto kama moto uko chumba hicho. Siyo nyuma ya pazia, siyo juu ya mbabula, siyo karibu na dirisha. Nyumba ya mbao iliyozibwa kwa makartoni na shitingi inabana gesi kuliko mnavyodhani. Usipulizie dawa ya mbu karibu nacho. Betri iwe alkalini. Zile nyepesi za redio zinaisha mapema, na mlio mmoja mfupi kila baada ya muda ni betri inalia njaa, si gesi. Jenereta iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka madirishani, hata kama mvua inanyesha na mwizi yupo.

Kengele ya kweli ikilia usiku: wote nje kwanza, hesabuneni, milango ibaki wazi, mtu asirudi kuchukua mbabula wala simu. Kichwa kinachouma nyumba nzima kwa pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, na nafuu mkitoka nje, hiyo si malaria, na msipoteze usiku kutafuta nani amewapa karuho (sumu). Hospitalini mseme neno “makala” mlangoni kabisa, waweke oksijeni. Kile kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu aliyejaa CO, kwa sababu kinaisoma kama oksijeni. Msikubali kurudishwa nyumbani kwa namba hiyo peke yake.

Waliokwisha kununua vile vyeupe: toeni betri leo, msimpe jirani, msikiuze tena. Andikeni UONGO juu yake kwa kalamu nzito na mkihifadhi pamoja na boksi, ndio ushahidi. Na usiku wa leo mbabula ilale nje. Makala yaliyokolea, yale mekundu yasiyo na moshi ambayo watu husema sasa yako salama kuingizwa, yanatoa CO mpaka yawe majivu baridi.