Liyongo Jukwaani Mombasa: Uchambuzi wa Tamthilia ya Nyimbo Iliyomweka Saada Mbele

Assalaam aleikum, na karibuni tena watazamaji wangu wa Kisiwani, wa Kisauni, wa Likoni, wa Changamwe, na nyote mnaotutazama mkiwa mbali na pwani. Leo ninachambua tamthilia ya nyimbo iliyojengwa juu ya kisa cha Fumo Liyongo, ambayo imeonyeshwa hapa Mombasa na ambayo waandaaji wake wameahidi kuirudisha jukwaani. Kundi lenyewe ni changa na ukumbi ni wa kukodi, na kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni lawama, sitataja jina la kundi wala la ukumbi. Anayefuatilia michezo ya kuigiza mjini humu hatashindwa kuwajua. Kiingilio kilikuwa shilingi 1,000. Kwa asiye na muda wa kunisikiliza hadi mwisho, jawabu langu ni kwamba nusu ya kwanza peke yake inastahili fedha hizo, na nusu ya pili inastahili kurudishwa mazoezini.

Kisa chenyewe wengi wenu mnakijua. Liyongo ni shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, mtu wa kimo cha ajabu na mpiga mishale hodari, ambaye mfalme wa Pate anamhofia kiasi cha kutaka auawe. Anafungwa, anatoroka, anaandamwa, na mwishowe anauawa na mwanawe mwenyewe kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Utenzi unaosomwa zaidi uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kabla yake Edward Steere alikwisha kukichapisha kisa hicho kwa lugha ya nathari mjini London mwaka 1870, kutokana na masimulizi aliyoyapata Unguja. Na mbali na maandishi hayo zipo nyimbo za kale ambazo wazee huzinasibisha na Liyongo mwenyewe. Kaburi lake huonyeshwa Ozi, karibu na Kipini, upande ambao mto Tana unaingia baharini. Nayataja haya kwa sababu waandaaji wameyasoma, na kusoma kwao kunaonekana.

Walichokibadilisha ni msimulizi. Tamthilia hii inasimuliwa na Saada, kijakazi anayempelekea Liyongo chakula gerezani. Katika utenzi, Saada ni wa kutumwa tu: anakwenda, anarudi, anafikisha maneno, na Liyongo akishatoka kifungoni hana kazi tena katika hadithi. Hapa yeye ndiye anayetupokea pazia linapofunguliwa, na karibu yote tunayoyaona ni yale ambayo mtu wa hali yake angeweza kuyaona au kuyasikia: jikoni, kisimani, na mlangoni mwa gereza. Mbinu ya kuihamisha hadithi ya zamani kwa namna hii si ngeni katika majukwaa ya dunia. Wicked, iliyofunguliwa Broadway mwaka 2003, iliichukua hadithi ya nchi ya Oz na kuisimulia kwa upande wa yule mchawi aliyekuwa akichukiwa. West Side Story ya mwaka 1957 iliwatoa Romeo na Juliet wa Shakespeare kwao Verona na kuwatia katika magenge ya vijana wa New York. Lakini hadithi hizo mbili ziliishi miaka mingi na zingeendelea kuishi bila ya kuongezewa nyimbo. Kisa cha Liyongo hakina hiari hiyo, kwa kuwa humo wimbo ndio unaofanya kazi: ukiuondoa, mfungwa anabaki ndani.

Kumbukeni mambo yalivyo. Kila siku Saada analeta chakula kizuri kutoka kwa mama yake Liyongo, na kila siku walinzi wanakila wao na kumwachia mfungwa makombo. Liyongo anamwimbia Saada wimbo wenye fumbo, walinzi wakidhani ni kilio cha mtu anayengoja kufa, na ndani ya wimbo huo anamwagiza mama yake aoke mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, mkubwa, na katikati yake afiche tupa, chuma cha kukerezea minyororo. Walinzi wanapouona mkate wa wishwa wanaudharau, wanaupitisha, na tupa inaingia. Kisha Liyongo anapoulizwa anatamani nini kabla ya kuuawa, anaomba achezewe ngoma za mwao na gungu, naye mwenyewe anawafundisha watu wa nje namna ya kupiga ala, ili kelele ya ngoma iufunike mlio wa tupa kwenye minyororo.

Mwongozaji ameyafahamu haya yote, na onyesho la gerezani ni la dakika zipatazo 20 ambazo sijaona mfano wake katika jukwaa la mji huu. Liyongo yuko upande wa kushoto, nyuma ya miti iliyosimamishwa, na mbele yake wamekaa wapigaji wa kweli wenye matoazi, tasa na pembe. Hakuna sauti iliyorekodiwa. Tupa ni ya chuma na mnyororo ni wa chuma, na mwigizaji anakereza kweli, tena kwa mapigo yanayoangukia katikati ya mapigo ya matoazi, hivi kwamba mwanzoni husikii chochote isipokuwa ngoma. Kisha mwenye matoazi, ambaye katika mchezo ni mtu wa mjini asiyejua lolote kuhusu mpango huo, anachoka na kuteremsha mikono. Tupa inasikika peke yake mara mbili, kavu kabisa. Mlinzi anageuza shingo. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alisema kwa sauti, "Yarabi, washamsikia!" na hakuna aliyemnyamazisha, kwa kuwa sote tulikuwa katika hofu hiyo hiyo. Hapo Saada, aliyekuwa ameinama akikusanya vyombo, anaokota kifuniko cha sufuria na kukigonga kwa mwiko, anaokoa mapigo, na ngoma inarudi kwa kishindo.

Kitendo hicho cha Saada hakimo katika utenzi. Ni nyongeza ya mwandishi wa tamthilia, na ni nyongeza halali, kwa sababu imeotea pale pale ambapo hadithi ilikuwa na nafasi: mtu aliyeubeba ujumbe wote ule kichwani mwake hakosi kujua ngoma ile imepigiwa nini. Kabla ya hapo alikuwa tarishi. Baada ya hapo ni mshirika, na hakuna aliyelazimika kutuambia hivyo kwa maneno.

Binti anayemwigiza Saada ana sauti nzito kidogo, isiyopanda juu kwa kujionyesha, na anatamka kila silabi. Alipokuwa akiimba ule wimbo wa ujumbe, akiurudia njiani kipande kwa kipande ili asiusahau, mwanamke mmoja aliinuka kwenye viti vya mbele, akapanda jukwaani kwa maringo yote ya arusini na kumtunza noti. Mwigizaji mwingine angebabaika. Yeye aliipokea bila ya kukatiza wimbo, akaitia katika kikapu cha mkate kana kwamba imo katika hadithi, akaendelea na safari yake. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Wapo watakaosema kwamba kutunza hakufai katika tamthilia, kwamba hiyo ni adabu ya taarabu. Mimi naona kundi linalotaka kuimba mbele ya watu wa Mombasa lijiandae kutunzwa.

Nikiwa bado katika muziki, niseme neno kuhusu uchaguzi wao wa mitindo, maana tayari nimesikia manung'uniko. Watu wa gerezani na wa mtaani wanaimba kwa ngoma, ilhali baraza la mfalme linaimba kwa taarabu, kwa ala za udi, dumbaki, rika na taishokoto. Wanaolalamika wanasema taarabu ni ya juzi. Inasimuliwa kwamba iliingia Unguja wakati wa Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na Liyongo ni wa karne nyingi kabla ya hapo. Wasemayo ni kweli, ila hayanisumbui. Sisi tuliolelewa na sauti za waimbaji wa taarabu Juma Bhalo na Zein l'Abdin tunapousikia udi tunajua mara moja kwamba tumeingia mahali penye mazulia na watu wenye vyeo, na tunajua pia kwamba maneno matamu yanaweza kubeba sumu. Mfalme anayepanga mauaji kwa mashairi ya mapenzi ni mfalme wa kutisha kuliko anayefoka. Kilichonisumbua ni siwa, lile baragumu la kifalme. Pate ilikuwa na siwa ya pembe ya ndovu na Lamu siwa ya shaba, na zote mbili zimehifadhiwa hadi leo. Kuleta jukwaani bomba la plastiki lililopakwa rangi ya dhahabu, tena lisilotoa sauti, ni kulidharau baraza la kifalme lote.

Onyesho la mkoma, mti wa jamii ya mtende uzaao koma, limepita haraka, na ndivyo inavyofaa. Ni pale ambapo wenzake wanakula kikoa na kila mmoja anapanda mkoma kwa zamu, wakikusudia kumpiga Liyongo mishale zamu yake itakapofika, naye badala ya kupanda anaziangusha koma kwa mishale akiwa chini. Vijana wanne, ngazi moja, kicheko kikubwa, basi. Maleba, yaani mavazi ya waigizaji, ni mazuri bila ya kupita kiasi.

Sasa nusu ya pili, na hapa naomba waandaaji wanisikilize kwa subira. Baada ya mapumziko wapigaji waliondoka mbele ya jukwaa, na kuanzia hapo nyimbo zote zikapigwa kwa muziki uliorekodiwa kwa kinanda cha umeme. Sijui kama ni gharama au ni ratiba ya wapigaji, lakini matokeo yake ni kwamba mchezo ambao kwa saa nzima ulitufundisha kusikiliza chuma, ngozi na pumzi ya mtu ulitutaka ghafla tuukubali mlio usio na mwenyewe. Waimbaji nao wakawa watumwa wa rekodi: palipohitaji kusubiri hawakuweza kusubiri, na kicheko cha watu kilipochelewa kwisha, beti nzima ilipotea.

Lawama kubwa zaidi ni ya mtoto wa Liyongo. Katika utenzi, mfalme anamrubuni kijana kwa ahadi za cheo na za kuozwa binti wa kifalme, kijana anakwenda kumwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua, na Liyongo anatambua kwamba mwanawe amedanganywa. Anatambua, na bado anamwambia. Hilo ndilo jambo gumu kupita yote katika kisa hiki, na waigizaji wamekuwa wakilitafuna kwa vizazi: je, amechoka kukimbia, au anamjaribu mwana, au hawezi kumnyima mtoto wake kitu hata kikiwa ni roho yake? Tamthilia hii imelikwepa. Liyongo wao analewa tembo la mnazi, anajisifu, na siri inamtoka mdomoni. Yule aliyewashinda walinzi kwa fumbo la wimbo anageuka kuwa mlevi mropokaji, na kifo chake kinakuwa ajali. Ingawa msimulizi ni Saada na hangeweza kuwapo chumbani humo, lilikuwa ni jambo rahisi kumweka nje ya mlango akisikia sauti mbili na kunyamaza kwingi katikati yake.

Kisha kuna hotuba. Karibu na mwisho Saada anasimama peke yake na kutuhutubia, bila ya wimbo, kuhusu haki, usawa na sauti ya mwanamke. Sipingi hata neno moja katika aliyoyasema. Ninachopinga ni kwamba alikwisha kutuonyesha yote kwa kifuniko cha sufuria, na kwamba watu waliokuwa wamemtunza noti walianza kutazama simu zao.

Onyesho la kisimani limenusurika kidogo. Liyongo, sindano ikiwa kitovuni, amepiga goti karibu na kisima akiwa amevuta upinde, amekufa katika hali hiyo, na mji mzima unaogopa kuchota maji kwa kudhani yuko hai. Mama yake anasogea akimwimbia ili hasira zimshuke. Bibi aliyemwigiza mama alifanya jambo ambalo nadhani hakuagizwa: rekodi ilipokwisha kabla ya yeye kumaliza, aliendelea kuimba peke yake, akisogea hatua moja kwa kila mshororo, na Saada akafuata nyuma yake na ndoo tupu. Hapo tena tukapata mchezo tuliokuwa tumeulipia.

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni huu. Nendeni mchezo utakaporudi, na mkae upande wa kushoto, safu za mbele, kwa sababu vipaza sauti vya ukumbi vinayameza maneno kwa walio nyuma na kwa sababu tupa haisikiki vizuri kutoka upande wa kulia. Watoto wa miaka kumi na zaidi wataufurahia. Wadogo zaidi watachoka baada ya mkoma. Asiyekuwa na mazoea na Kiamu, Kiswahili cha Lamu, asiogope, kwani nyimbo za kale pekee ndizo zilizoachwa katika lahaja hiyo na mazungumzo ni ya Kimvita chetu cha kila siku. Na mkiweza, waulizeni waandaaji kabla ya kulipa kama wapigaji watabaki hadi mwisho. Wakisema ndiyo, mimi mwenyewe nitakata tiketi nyingine.