iPhone 17 Pro Max rangi ya mawese: "Mwanangu, laini naweka wapi?"

"Mwanangu, laini naweka wapi?"

Hilo swali ndo limeleta hii video. Mama mmoja mteja wangu kaja dukani hapa Mwanga, kakaa kwenye kiti, kafungua boksi mwenyewe kwa kucha taratibu kama anamenya yai, katoa simu, kaigeuza huku, kaigeuza kule, kaiinamisha, halafu akaniangalia usoni. Laini naweka wapi. Na mimi nimesimama pale nimeshika kipini kama fundi saa, nishajiandaa kabisa kumchomolea kidroo cha laini, kidroo chenyewe hamna.

Haya wadau, karibuni tena, mpo na mimi huku mwisho wa reli, Kigoma, ukisikia kelele nyuma usishtuke, jirani anachomelea mageti na nimemwomba anipe nusu saa kaniambia dakika kumi, kwa hiyo ntaongea haraka. Kabla sijasahau, wiki iliyopita tumevuka watu elfu sita kwenye hii chaneli, asanteni sana, na wale mnaouliza ile video ya simu za mkopo inakuja, nilikuwa nimeihariri nusu kompyuta ikazima.

Sasa hii hapa. iPhone 17 Pro Max, GB 256, hii rangi wenyewe wanaiita chungwa sijui la angani, huku kwetu wateja wameshaibatiza, wanaiita rangi ya mawese. Na si utani, ngoja, niliazima kidumu cha mawese kwa dada wa hapo mbele, ona, naweka pembeni, ona hapo mwanga ukipiga. Ni yaleyale. Mawese ya msimu, yale mazito. Kwa hiyo Kigoma hii rangi haijaja ngeni, na ndo rangi kila mtu anaitaka na ndo rangi haipatikani, blu ipo, silva ipo, ukisema chungwa unaambiwa kaka subiri.

Mambo ya chipu ya A19 Pro, kamera tatu za megapikseli 48, zuum ya mara nane, mfumo wa kupoza joto humo ndani, alumini badala ya titani, hayo mmeyaona toka Septemba kwa wenye studio zao na taa zao, mimi sirudii. Ni simu kali, imeisha. Mimi leo nna jambo moja tu.

Sogea. Sogea karibu, dogo leta kamera hapa. Ona ubavu huu. Napitisha ukucha. Kitufe, kitufe, vya sauti, sawa, naendelea kushuka... hamna. Geuza. Kitufe cha kuwashia, hiki cha kamera... hamna. Chini tundu la chaji na vitundu vya spika, na mama yule alijaribu kweli kuingiza kipini kwenye kitundu cha spika, nikamwahi mkono, Mungu saidia. Juu, hamna kitu. Imezibwa kote kama jiwe la Ziwa Tanganyika.

Sasa ona hii Tecno yangu ya miaka minne, kioo kina ufa, nachukua kipini, nachoma... umesikia? Rudia, weka maiki karibu. Tk. Hiyo tk. Laini moja, laini ya pili, na memori kadi juu. Natoa, napuliza vumbi, narudisha, dakika haijaisha na wala sijaomba ruhusa ya mtu.

Hii ya mawese ni eSIM tupu, yaani laini inapakuliwa ndani ya simu, hamna kadi ya kuchomeka. Na hapa ndo watu hawajaelewa kwa hiyo nisikilizeni. Toka iPhone 14 ya mwaka 2022, zile za soko la Marekani zilikuwa hazina kidroo, sisi hatukujali sana, tukawa tunaziita za Marekani tunazikwepa, tunachukua za Dubai. Safari hii kwenye 17 Pro na Pro Max wameongeza nchi, Kanada, Japani, Meksiko, halafu Saudia, Qatar, Kuwait, Oman, Bahrain, na Falme za Kiarabu. Falme za Kiarabu ndo Dubai hiyo! Na mzigo wa simu wa Kariakoo unapitia wapi? Ule mlango tuliokuwa tunakimbilia ndo umefungwa. Yenye kidroo uitoe nchi zingine kama za Ulaya, au zile za China na Hong Kong ambazo zinakula laini mbili za kadi. Kwa hiyo unakuta simu yenyewe ilipotoka 2025 ilikuwa adimu, halafu ndani ya uadimu kuna uadimu mwingine.

Bei sasa. Marekani Pro Max ilitoka ikianzia dola 1,199, kabla ya kodi zao. Piga kwa dola ya 2,450 unapata kama milioni 2.9 na ushee. Ongeza VAT yetu asilimia 18, ongeza usafiri, ongeza mwenye duka, ongeza winga, yule dalali wa katikati. Mimi Kariakoo winga mmoja alinitajia milioni 4.3 asubuhi, saa nane mchana yuleyule kaniambia 4.5, nikamuuliza kaka kuna nini kimebadilika toka asubuhi, akasema "zimebaki mbili." Nikatuma hela. Ndo kosa langu hilo, nilituma kwa presha ya hizo mbili bila kuuliza herufi za modeli, zile zinazoonyesha simu ni ya nchi gani. Simu ikaja kwa basi, imefungwa kwenye kipande cha gauni ndani ya boksi la viatu, na kesho yake nikasikia duka la pembeni yake wanazo tano.

Hapa lazima niseme ukweli lakini, maana mawinga wanaongopa ila si kila kitu ni uongo. Mwisho wa Oktoba 2025 Tim Cook mwenyewe, bosi wa Apple wakati ule, aliwaambia wawekezaji kwamba kuna matoleo ya iPhone 17 ambayo hawayapati ya kutosha, mahitaji yamewazidi. Na si mara ya kwanza. 2017 ile iPhone X ya dola 999, watu waliambiwa wasubiri oda wiki kadhaa kwa sababu vile vifaa vya kutambua sura vilikuwa vigumu kutengeneza. Halafu Novemba 2022, Apple wakatoa taarifa kabisa kuwa kiwanda kikuu kinachounganisha 14 Pro pale Zhengzhou, China, kinafanya kazi pungufu sababu ya masharti ya korona, wateja wasubiri. Mji mmoja umefungwa China, mtu wa Kasulu anaambiwa oda yako imesogea.

Nyie watu wa ziwa hili mnalijua vizuri kuliko wachumi. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wa dagaa hawaendi, taa haivuti kitu, kesho yake sokoni kale kafungu kamepungua na bei imepanda. 2024 ziwa lilipofungwa 15 Mei mpaka 15 Agosti, si mlikuwa mnanunua dagaa kwa heshima? Mnapima kwa macho. Ila dagaa mwenye stoo akiwabania sana wanaharibika, lazima atoe. Simu haiozi. Mtu anaweza kuziweka kabatini kumi na tano anakwambia zimebaki mbili, na kinachomtisha ni Septemba tu, maana Septemba inakuja nyingine na zote kumi na tano zinakuwa za mwaka jana.

Haya turudi kwenye eSIM, nikasema ngoja nisiwe mtu wa kulalamika, niijaribu mwenyewe kwa laini yangu.

Kwanza nikaenda kwa wakala wa mwavuli, pale pale ninaposajilia watu laini kila siku. Akasema hiyo mimi sina, nenda ofisini. Nikaenda ofisini kwa mtandao wangu, sitautaja, foleni, namba ya NIDA, kidole. Kidole kikagoma mara mbili kwa sababu nilikuwa nimetoka kushika mawese, sawa hilo langu. Wakanipa karatasi yenye ile alama ya QR, wakaniambia skani. Nikaskani palepale. Simu ikasema haina intaneti. Nikawaza, intaneti si nina bando la wiki? Bando liko wapi? Liko kwenye laini. Laini iko wapi? Ndo hiyo inayohamishwa, kadi ya zamani wameshaizima! Yaani ili laini iingie unahitaji intaneti, na intaneti iko kwenye laini ambayo haijaingia. Nimesimama katikati ya ofisi na simu ya milioni nne na nusu naomba hotspoti kwa mlinzi. Akanipa, kijana mstaarabu, nikamrushia buku mbili baada ya laini kukaa.

Ikikaa, imekaa, siwezi kudanganya. Ona hapa, namba yangu hii, mtandao umejaa. Unaweza kuhifadhi eSIM nane au zaidi humo ndani na mbili zikafanya kazi pamoja. Na simu ikiibiwa mwizi hachomoi laini akaitupa mtaroni. Hilo nimelipenda, sitaki kusema nimelipenda ila nimelipenda.

Na kuna kitu kingine mawinga hawakwambii kwa sababu hawajui. Ile nafasi ya kidroo wameijaza betri. Hii isiyo na kidroo ina betri ya mAh 5,088, yenye kidroo ni 4,823. Apple wanasema saa 39 za kutazama video kwa hii, saa 37 kwa ile. Kwa hiyo hii inayodharauliwa sokoni ndo inakaa na chaji zaidi. Mimi jana umeme umekatika saa moja jioni mpaka usiku wa manane, hii nimeiacha na asilimia 71, nikaanza kuwaza labda mimi ndo mshamba.

Ila sasa tumrudie yule mama. Yeye anauza mawese na vitenge. Wiki hii kavuka Manyovu yuko Bujumbura, wiki ijayo yuko kwenye boti anaelekea Kongo. Akishuka tu, kitu cha kwanza ananunua kadi ya kule kwa kijana wa barabarani, anaweka, anapiga simu kwa wateja wake. Akirudi anaitoa, anaifunga kwenye kitambaa na nyingine tatu, kila moja kaiandika kwa kalamu. Kanionyesha hicho kitambaa. Kafungua fundo, kadi nne, kaniambia "mwanangu, sasa hizi nizimeze?" Utamwambia nini? Nenda ofisini ukashike kidole nchi ya watu? Nimemwambia shikamoo mama, nikamrudishia advansi yake milioni mbili, akarudi na Samsung yake ya zamani kwenye pochi, na simu ikabaki na mimi.

Ngoja, simu inaita. Ni yuleyule winga wa Kariakoo. Naweka laudi spika msikie... haloo kaka... ndio... eti anayo ya Hong Kong, ya laini mbili, ya mawese, non-active, yaani haijawahi kuwashwa, milioni tano na laki moja. Laki sita zaidi, kwa kidroo! Zimebaki ngapi? ... Mmesikia? Mbili. Zimebaki mbili. Kaka ntakupigia.

Laki sita kwa kitundu, wadau. Samsung S25 Ultra ilitoka dola 1,299, ghali kuliko hii, ina kidroo, na ukiwa na subira miezi michache bei ya Samsung inashuka yenyewe, sema Samsung hamna mtu anayempigia winga saa tano usiku. Na iPhone Air, ile nyembamba, eSIM tupu dunia nzima mpaka China, hapa dukani haijaulizwa hata na mtu aliyepotea njia.

Kwa hiyo ukiagiza, usiniulize ipi nzuri, muulize muuzaji akupigie picha ya seting, jenero, abauti, namba ya modeli. Ukiona LL/A ni ya Marekani, kidroo hamna. ZP/A ni Hong Kong, CH/A ni China, hizo laini mbili. Na ukipata simu piga *#06#, chukua IMEI utume 15090 uone kama inatambulika. Picha hiyo uipate kabla ya kutuma hela, akikwambia boksi limefungwa hawezi kufungua, soma nyuma ya boksi, imeandikwa palepale. Mimi nilikuwa nalijua hili, na nimewafundisha watu hapa hapa kwenye chaneli, video ya mwezi wa tatu.

Jirani kashaanza na mashine yake. Basi hii inauzwa, imefunguliwa ila haina hata alama, nimeshatoa laini yangu, mawese ya kidumu nimeyafuta. Milioni 4.6. Najua nimenunua 4.5, na nauli ya basi je? Kama uko Ujiji, Kasulu, Kibondo nakuletea, njoo na namba yako ya NIDA na kidole kikavu, hotspoti ntakupa mimi. Na chukua mapema maana imebaki moja, na hii moja ni kweli, ona, hii hapa.