Begi la mtumba la elfu 35, Lushoto hadi Mtae kwa miguu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza: shilingi 35,000, Karume, Ilala. Muuzaji alianzia 60,000, nikajifanya naondoka mara mbili. Ni begi la mgongoni la kijani kilichopauka, nembo imechanika, kilichobaki ni maandishi "35+10". Yaani lita 35, na ukivuta ile kola ya juu unapata nyingine 10. Nimelibeba siku nne mwezi Julai, Usambara, mimi na wifi yangu na kijana wa kutuongoza njia.

Kabla yake nilikuwa na jipya. Nililinunua duka moja mjini kwa 85,000, limeandikwa lita 60 kwa herufi kubwa. Nikalijaza madaftari ya wanafunzi nilifanyie mazoezi kutoka Kimara hadi Mbezi. Sikufika. Mkanda wa bega ulichomoka kwenye mshono, nikamalizia safari nimelikumbatia kama mgonjwa. Nilipolirudisha, naambiwa nimelizidishia mzigo. Madaftari!

Kwa hiyo kwenye mtumba nilikuwa na macho. Nililipindua ndani nje, nikavuta mishono pale mikanda ya mabegani inapoanzia, nikafungua na kufunga kila zipu hadi muuzaji akachoka. Halafu nikanusa. Usicheke. Ule utando wa ndani unaozuia maji ukizeeka hubanduka kama ngozi iliyoungua, na hunuka kama maziwa yaliyochacha. Langu lilikuwa limeanza kubanduka kidogo chini, nikaona nitaishi nalo. Zamani ningeweka nguo kwenye mifuko ya rambo, lakini tangu Juni 2019 hiyo imepigwa marufuku, basi nikaomba dukani ile nailoni inayokaa ndani ya kiroba cha sukari. Nguo zote humo, unasokota mdomo, unafunga. Mvua ikinyesha inalowa begi, si wewe.

Sasa mzigo. Mara ya kwanza nilipaki kama naenda kwenye harusi. Nikalipeleka kwa Mangi, akaliweka kwenye mizani ya mchele: kilo 16. Mimi nina kilo 61. Kipimo wanachoshika watembeaji wengi ni mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wako, kwa hiyo mwisho wangu ni kama 12. Nikatoa taulo kubwa, nikatoa viatu vya jioni (jioni ya wapi?), nikatoa kitabu, nikatoa jinzi. Nikafika 11, maji lita mbili yakiwemo, na kumbuka maji hayo peke yake ni kilo mbili.

Wifi hakutoa jinzi. Alisema Lushoto kuna baridi na jinzi ni nzito. Baridi ipo kweli: mji uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka takriban nyuzi 6, sasa wewe uliyetoka Dar unalala umevaa boshori. Lakini jinzi ni pamba, na pamba inakunywa maji. Tulipoingia msitu wa Magamba kulikuwa na ukungu na manyunyu ya kutosha kulowesha. Suruali yangu ya nailoni ilikauka mwilini kabla ya chakula cha mchana. Jinzi ya wifi ilining'inia nyuma ya begi lake siku mbili nzima, nzito kama mbuzi mchanga, na kila tulipopumzika aliigusa kuona kama imekauka, kisha ananitazama kama mimi ndiye niliyeilowesha.

Nguo zangu zote ziliishia hapa: suruali mbili nyepesi, fulana tatu za aina ya jezi, sweta moja ya sufu (hii hata ikilowa bado inakupa joto), koti la mvua, soksi jozi tatu, boshori, na khanga mbili. Khanga ndizo zilizofanya kazi kuliko kitu chochote. Taulo, shuka, pazia la kubadilishia nguo, na tukipita vijijini najifunga moja juu ya suruali. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, lakini unasalimiana na wazee njia nzima, na shikamoo ya mtu aliyejistiri inaitikiwa vingine.

Miguuni nilivaa raba nilizozizoea. Usiende na buti jipya. Asubuhi napaka mafuta ya mgando kati ya vidole na kwenye kisigino, ndipo navaa soksi. Lengelenge moja tu kwa siku nne.

Ila siku ya kwanza begi lilinitesa, na kosa lilikuwa langu. Niliweka vitu vizito chini kabisa, sweta na khanga juu, kama unavyopanga ndoo. Kila nikipanda mlima linanivuta nyuma. Tulikutana na mama mmoja mtu mzima, ana mzigo wa kuni kichwani, tukampisha. Akasimama akaniangalia mgongoni. "Mwanangu, mtoto gani huyo umembeba matakoni? Mpandishe juu!" Wifi alicheka hadi akakaa chini. Tulipofika mahali pa kupumzika nikamwaga kila kitu: nguo chini, maji na chakula na pawabenki katikati, vikigusa uti wa mgongo, usawa wa mabega, vitu vyepesi juu. Nikakaza mikanda begi likapanda. Uzito ni uleule, lakini nilihisi kama mtu amenipokea nusu.

Kitu cha pili ni mkanda wa kiunoni. Nilidhani ni urembo. Ukiufunga juu ya mifupa ya nyonga, sio tumboni, mzigo mwingi unahamia kwenye nyonga na mabega yanabaki kuongoza tu. Nilijua thamani yake siku ya tatu, baada ya Rangwi, kifungo chake cha plastiki kilipopasuka. Nusu saa bila mkanda mabega yakawa yanawaka moto. Kijana wetu akatoa kamba ya katani mfukoni (tuko Tanga, bwana) akafunga fundo moja, tukafika nalo Mtae.

Lawama nyingine ni zipu ya mfuniko, inakwama kwenye kona, na hakuna mfuko wa kuweka chupa ambao mkono unaufikia bila kuvua begi. Mgongo nao unatoka jasho vibaya, sponji imekaa gorofa haina pa kupitisha hewa. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, tafuta lenye wavu mgongoni.

Pale Mtae ukisimama ukingoni unaona tambarare za Mkomazi chini, mbali kabisa, na hapo ndipo nilipofurahi kwamba sikubeba kilo 16. Basi la kurudi liliondoka kabla ya alfajiri, giza totoro, ndipo ile tochi ya kichwani niliyotaka kuiacha ikanilipa. Konda alitaka kulirusha begi kwenye keria. Nikalipakata.

Begi nalipatia nyota nne kati ya tano. Fundi wa mabegi ameniambia kifungo na zipu ni 7,000, kwa hiyo jumla litakuwa limenigharimu 42,000, nusu ya lile la madaftari. Wifi ameshaniuliza nitakwenda lini Karume tena.